Mwaka wa Joka haukuongeza watoto China, uliwasogeza tu

Januari 2026 ofisi ya takwimu ya China ilitoa hesabu za mwaka 2025, na namba iliyoshtua wengi ni ya vizazi: watoto milioni 7.92 tu, kwenye nchi ya watu bilioni 1.4. Mwaka mmoja kabla walizaliwa milioni 9.54, na mwaka 2023 milioni 9.02. Ukichora grafu unaona mteremko ulioanza 2017, katikati yake kilima kidogo cha 2024, halafu baada ya kilima shimo. Na kwa kuwa 2024 ulikuwa Mwaka wa Joka kwenye kalenda ya jadi ya Kichina, ambayo kila mwaka unapewa mnyama wake kwa mzunguko wa miaka 12, maelezo yakapatikana haraka sana, kwenye vyombo vikubwa vya nje na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp pia, kwamba Wachina wanaamini mtoto wa Joka ana bahati basi wakakimbilia kuzaa, ulivyoingia Mwaka wa Nyoka wakaacha. Stori imenyooka, inaeleweka kwa sekunde tano, ndo maana inasambaa.

Mimi naona maelezo haya yamekosea kuhusu uzazi na yamekosea zaidi kuhusu joka lenyewe. Kuhusu uzazi, Mwaka wa Joka haukumpa mtu hamu ya mtoto ambayo hakuwa nayo. Ulichofanya ni kusogeza tarehe za watu waliokuwa wameshaamua, na wengi wao walikuwa wamecheleweshwa na Korona. Kuhusu joka, tunaongea kama vile ni mungu anayetoa amri na Wachina wanatii, wakati ukifuatilia historia yake unakuta uhusiano wa watu na joka ni wa kudaiana: joka lina kazi, kazi yake kubwa ni mvua, na lisipoifanya linaulizwa, linalaumiwa, hata linaadhibiwa hadharani. Ukishaelewa hili la pili, namba za uzazi unazisoma kwa macho mengine kabisa.

Tuanze na mvua basi, maana wengi tunaanzia kwenye majumba ya wafalme na hapo ndo tunapopotea. Kaskazini mwa China, kwenye tambarare zinazopitiwa na Mto Njano, sehemu kubwa ya mvua ya mwaka mzima inashuka ndani ya miezi michache ya kiangazi chao, kati ya Juni na Agosti. Julai ikipita kavu mtama umekufa, na ikija yote kwa mkupuo mto unavunja kingo unabeba vijiji. Mkulima wa huko ana hofu mbili kwa wakati mmoja, ukame na mafuriko, na joka limekaa katikati ya hofu hizo. Makazi yake ni visima, mabwawa, mito na bahari, halipumui moto wala halilindi dhahabu pangoni. Kwenye imani za zamani wakati wa baridi linalala kwenye kina cha maji, majira ya kuchipua linaamka na kupanda angani kukusanya mawingu, na mpaka leo tarehe 2 ya mwezi wa pili wa kalenda yao inahesabika kama siku joka linapoinua kichwa, watu wanapanga foleni saluni kunyoa nywele siku hiyo. Bahari nne zina Wafalme Majoka wanne, wa Bahari ya Mashariki anaitwa Ao Guang, na chini yao kuna majoka ya kila mto, kila ziwa, mpaka kisima cha kijiji, yani ni idara ya maji nzima yenye vyeo na ngazi. Karibu kila eneo la wakulima kaskazini lilikuwa na hekalu lake la Mfalme Joka, mengine ni vijumba vidogo tu pembeni ya shamba.

Sasa angalia watu walivyokuwa wanadili naye. Enzi ya Han, karne ya pili kabla ya Kristo, msomi Dong Zhongshu anahusishwa na maelekezo marefu ya kuomba mvua ambayo ndani yake watu wanafinyanga majoka ya udongo, rangi na idadi kulingana na majira, wanayapanga na kucheza ngoma kuyaita majoka ya kweli. Hapo bado ni ombi la heshima. Lakini vijijini, ukame ukizidi na sadaka zimeshatolewa na hakuna wingu, kulikuwa na hatua ya pili iliyorekodiwa sehemu nyingi: sanamu ya Mfalme Joka inatolewa hekaluni, inabebwa mpaka uwanjani na kuachwa kwenye jua kali, ili naye aonje kile mashamba yanachoonja. Mvua ikinyesha anarudishwa kwa shangwe, anafanyiwa maigizo ya jukwaani, labda hekalu linapakwa rangi upya. Hebu fikiria, watu maskini kabisa wasio na uwezo hata wa kumsogelea afisa wa wilaya, lakini wana uwezo wa kumtoa joka nje na kumwanika. Mtu anayesema hawa ni watumwa wa joka hajaiona picha hii.

Na kuna hadithi moja kila mtoto wa Kichina anaikuta mapema, imo kwenye riwaya kubwa ya karne ya 16 ila mizizi yake ni ya zamani zaidi, inahusu Mfalme Joka wa Mto Jing karibu na Chang'an, mji mkuu wa enzi ya Tang. Joka huyu alikasirika kwamba mjini kuna mpiga ramli, Yuan Shoucheng, anayewaambia wavuvi watupe nyavu wapi na kila siku wanapata, samaki watakwisha. Akajigeuza mtu msomi akaenda kumwekea dau: kesho mvua itanyesha saa ngapi na kiasi gani? Mpiga ramli akamtajia saa, akamtajia na kipimo, futi 3 na inchi 3 za Kichina na matone 48. Joka akacheka, maana mvua anaipanga yeye. Akarudi nyumbani akakuta amri kutoka mbinguni imeshafika, saa ile ile, kipimo kile kile mpaka tone. Kwa kutaka kushinda dau akachelewesha saa na kupunguza inchi 3 na matone 8. Kwa kosa hilo akahukumiwa kukatwa kichwa, na aliyemkata ni Wei Zheng, waziri wa mfalme Taizong, ndotoni, akiwa amesinzia mbele ya ubao wa mchezo alipokuwa anacheza na mfalme wake. Inchi tatu na matone nane tu! Hakupindua mbingu wala hakuua mtu, alipunja kipimo cha mvua. Kwenye fikra hiyo joka ni mtumishi wa umma na ghala analolishika sio lake.

Hili la joka na wafalme ndo watu wengi wanalijua, joka la makucha matano kwenye kanzu za njano, kwenye viti vya enzi na kuta za kasri la Beijing, na kweli tangu enzi ya Yuan kulikuwa na sheria zinazozuia raia kuvaa joka la makucha matano. Kuna wanaosema kwa hiyo joka ni alama ya ubabe wa dola na mengine ni mapambo. Sikubaliani, kwa sababu mfalme mwenyewe alikuwa anakwenda kuomba. Magharibi mwa Beijing kuna Heilongtan, Bwawa la Joka Jeusi, ambako wafalme wa Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme China, akiwemo Kangxi na Qianlong walikuwa wanakwenda kuomba mvua ukame ukishika. Ukame ulihesabika kuwa dosari ya utawala, mfalme alitakiwa ajitathmini, wakati mwingine apunguze adhabu za wafungwa au aache anasa. Mfalme alijivika joka kwa sababu tayari joka lilikuwa na mamlaka juu ya chakula cha watu, na alipojivika akabeba na deni lake. Hata twiga aliyepelekwa kutoka Malindi mwaka 1415 alipokelewa kwa mantiki hiyo hiyo, maafisa walimwona ni qilin, mnyama mwingine wa hadithi anayetokea pale tu mtawala anapotenda haki, yani zawadi ile kutoka pwani yetu ilisomwa kama cheti cha utendaji kazi.

Halafu tusidhani kwamba wasiwasi juu ya joka umeletwa na sayansi ya kisasa. Karne ya tatu kabla ya Kristo mwanafalsafa Xunzi aliuliza, watu wanafanya ibada ya mvua na mvua inanyesha, kwa nini? Akajibu mwenyewe kwamba hakuna kwa nini, ni sawa na ambavyo ingenyesha bila ibada. Lakini hakusema ibada ifutwe, alisema mtu aliyeelimika anaiona kama utamaduni unaopamba maisha, na mtu wa kawaida anaiona kama kazi ya miungu. Karne ya kwanza baada ya Kristo akaja msomi Wang Chong akabishana na wale waliosema mbingu inashuka kwenye radi kulichukua joka, yeye akasema joka ni kiumbe cha majini kama samaki na jamaa zake na hakina maajabu hayo. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 2,000 ndani ya China yenyewe kumekuwa na watu wanaocheza ngoma ya joka wakijua vizuri wanachofanya, pembeni ya watu wanaoamini kabisa, na wengi wamesimama katikati. Ukitaka ushahidi wa karibuni, kwenye milima ya Yulin, mkoa wa Shaanxi, kuna hekalu la Mfalme Joka Mweusi lililofufuka baada ya miaka ya Mao. Watu wanakwenda kupiga ramli na kuomba mambo ya biashara, ugonjwa, mtihani, na mtu anaahidi kabla: nikifanikiwa nitaleta kiasi fulani. Hela zilipokuwa nyingi kamati ya hekalu ikaanzisha mradi wa kupanda miti kwenye vile vilima vikavu, na miaka ya 1990 ikajenga shule ya msingi. Joka limetoka kwenye mvua limeingia kwenye misitu na elimu, ila mkataba ni ule ule wa nipe nikupe.

Sasa turudi kwenye watoto. Hoja ya upande ule mwingine ina nguvu na sitaki kuipuuza: ongezeko la watoto 520,000 mwaka 2024 baada ya miaka saba mfululizo ya kushuka, kisha anguko la karibu asilimia 17 mwaka unaofuata, haliwezi kuwa bahati nasibu. Na Japani imeshaonyesha imani peke yake inaweza kutikisa takwimu za nchi nzima: mwaka 1966 ulikuwa wa Farasi wa Moto, ambao kwa imani yao msichana anayezaliwa atakuwa mkorofi na atamuua mumewe mapema, vizazi vikaanguka kwa robo nzima kutoka milioni 1.82 hadi milioni 1.36. Lakini angalia 1967, vikaruka mpaka karibu milioni 1.94. Watoto wale hawakufutwa, wengi waliwekwa foleni. Mwaka 2026 ndo Farasi wa Moto amerudi baada ya miaka 60, kwa hiyo tutaona kwa macho yetu kama Wajapani wa leo bado wanajali.

Kwa China angalia kalenda vizuri. Mwaka wa Joka ulianza tarehe 10 Februari 2024 ukaisha tarehe 28 Januari 2025. Mtoto azaliwe ndani ya dirisha hilo, mimba inatakiwa iwe imeingia kuanzia kama Mei 2023 mpaka mwanzoni mwa Mei 2024. Na mwezi Mei 2023 China ilikuwa wapi? Ilikuwa imetoka tu kwenye miaka mitatu ya kufungiwa, masharti makali ya Korona yaliondolewa Desemba 2022. Harusi zilizoahirishwa zikafanyika: ndoa zilizosajiliwa zilitoka milioni 6.83 mwaka 2022 zikapanda hadi milioni 7.68 mwaka 2023. Kwenye nchi ambayo mtoto wa nje ya ndoa bado ni nadra, ndoa za mwaka huu ndo wodi ya wazazi ya mwakani. Wale maharusi wa 2023 wangezaa 2024 hata kama mwaka huo ungekuwa wa Panya. Joka liliwakuta njiani.

Kuna na kitu kingine ambacho stori ile ya haraka haikigusi kabisa. Mwaka ule ule wa Joka, uliopigiwa debe kama mwaka wa baraka, kwa hesabu nyingine ya jadi ulikuwa mwaka mbaya wa kuoa. Kuna siku inaitwa Lichun, mwanzo wa majira ya kuchipua, huangukia kama tarehe 4 Februari, na mwaka wa kalenda ya mwezi ambao haukupata siku hiyo ndani yake unaitwa mwaka wa mjane. Mwaka wa Joka ulianza baada ya Lichun ya 2024 na kuisha kabla ya Lichun ya 2025, ukakosa. Ndoa za 2024 zikaanguka kwa asilimia 20 mpaka milioni 6.1, chini ya nusu ya zile za 2013. Mwaka wa Nyoka, ambao kila mtu anausema vibaya, ulikuwa na Lichun mbili na kwa hesabu hiyo ulikuwa mzuri wa ndoa. Kwa hiyo jadi ile ile moja ilikuwa inasema zaa lakini usioe, kisha mwaka unaofuata oa. Anayedhani jadi ni amri moja inayotoka juu atueleze watu walitii ipi. Watu walichagua, kila mmoja kwa mahesabu ya nyumba yake, na anguko la vizazi la 2025 lina baba wawili hapo: watoto waliovutwa kuja mapema 2024, na ndoa zilizokosekana 2024.

Taiwan ndo inayomaliza ubishi kwangu. Kule Mwaka wa Joka wa 2012 ulipandisha vizazi kutoka kama 197,000 hadi kama 229,000, kilima kizuri kabisa. Mwaka 2024, watu wale wale, utamaduni ule ule, mahekalu yapo, ngoma za joka zipo, vizazi vikashuka chini ya 135,000, chini hata ya mwaka wa Sungura uliotangulia. Singapore nako, waziri mkuu wa wakati huo Lee Hsien Loong katika salamu zake za mwaka mpya wa 2024 aliwaomba wanandoa waongeze joka dogo nyumbani, na mwisho wa mwaka wastani wa watoto kwa mwanamke ukabaki 0.97, pale pale ulipokuwa 2023, wakati Mwaka wa Joka wa 1988 ulikuwa 1.96. Joka halijabadilika. Kilichobadilika ni idadi ya watu wenye mpango wa mtoto ambao joka lingeweza kuusogeza.

Tena desturi yenyewe ya kuulenga mwaka huu sio ya kale kama tunavyoaminishwa. Mtafiti wa idadi ya watu Daniel Goodkind aliandika mwaka 1991 kwamba ongezeko la vizazi vya Mwaka wa Joka lilianza kuonekana 1976 tu, kati ya Wachina wa Taiwan, Hong Kong, Singapore na Malaysia, na kwamba miaka ya Joka ya kabla yake haina alama hiyo. Inaleta mantiki ukifikiri kidogo, kwamba ili kuzaa mwaka unaoutaka lazima uwe na uwezo wa kutozaa mwaka usioutaka, na uwezo huo umekuja na uzazi wa mpango, hospitali na kipato. Na mwaka huo huo wa 1976 China bara walikuwa kwenye msiba juu ya msiba, tetemeko la Tangshan tarehe 28 Julai liliua zaidi ya watu 240,000 kwa hesabu rasmi, Septemba Mao akafa. Mzee wa Hebei, mkoa ilipo Tangshan, aliyepitia mwaka ule huwezi kumwambia Mwaka wa Joka ni bahati tupu, kwake joka ni nguvu kubwa na nguvu kubwa inaweza kukuangukia.

Kwetu pwani mtu anaweza kulielewa hili bila taabu. Mwezi wa Shaabani harusi zinabanana mpaka ukumbi haupatikani na Ramadhani ikiingia zinasimama, halafu zinaanza tena baada ya Idi. Hakuna mtu mwenye akili anayesema Shaabani inawapa vijana hamu ya kuoa. Wachumba wapo, posa zilishapelekwa, mwezi unawapa tarehe. Mwaka wa Joka ni tarehe ya aina hiyo, kubwa zaidi tu.

Niseme na hoja ambayo naiona dhaifu kuliko zote lakini ndo inayopata laiki nyingi kwetu, kwamba joka la Kichina ndo lile joka la Ufunuo sura ya 12, kwa hiyo ngoma za joka mtaani ni ibada ya Shetani na kushuka kwa vizazi ni laana. Sina shida na mtu kuwa na imani yake, mimi mwenyewe ni mtu wa dini. Shida ni kwamba hoja hii inachukua mnyama wa kitabu kimoja inampachika kwa watu waliokuwa wanachonga majoka yao maelfu ya miaka kabla kitabu hicho hakijaandikwa. Huko Xishuipo, Puyang, mwaka 1987 lilifukuliwa kaburi la zaidi ya miaka 6,000 na pembeni ya maiti kuna joka limepangwa kwa makombe ya chaza. Watu wale walikuwa wanahangaika na mto na mazao yao. Na kama ni laana basi Korea Kusini, yenye makanisa kila kona, isingekuwa na uzazi wa chini kuliko China. Tukiendelea kueleza uchumi wa wenzetu kwa mashetani tutashindwa kuona wanachopitia, kodi za nyumba, gharama za shule, wanawake wanaoulizwa kwenye intavyuu ya kazi kama wana mpango wa kubeba mimba.

Joka lina nguvu ya kweli kwenye maisha ya mtoto, ila inaanza kazi baada ya kuzaliwa. Wachina wana msemo wa kutamani mwana awe joka, maana yake apande juu awe mtu mkubwa, na nyuma yake kuna hadithi ya samaki wa mtoni aitwaye kapu (carp kwa Kiingereza), anayepambana na maporomoko ya Longmen na akifanikiwa kuruka anageuka joka, mfano uliotumika kwa karne nyingi kwa vijana wanaofaulu mitihani ya dola. Watafiti Naci Mocan na Han Yu walichunguza wanafunzi wa China bara wakakuta kweli waliozaliwa Mwaka wa Joka wanafanya vizuri zaidi shuleni na wana nafasi kubwa zaidi ya kufika chuo, ila walipotafuta sababu wakaikuta kwa wazazi, wanatarajia makubwa zaidi kwa watoto hao, wanawekeza zaidi, wanawapunguzia kazi za nyumbani. Watafiti wa Singapore nao wakakuta kinyume chake: Wachina wa huko waliozaliwa Mwaka wa Joka walipata shida zaidi kuingia chuo na vipato vyao vilikuwa chini, maana walikuwa wengi na nafasi ni zile zile. Matokeo mawili yanayopingana kutoka kwa joka moja, na yote yanaelezeka kwa mzazi na foleni.

Hapa ndo panapoleta madhara kwa sera. Serikali ikiamini kwamba tatizo la uzazi ni la moyo na imani, itatafuta alama na hamasa, na kweli tunaona dalili. China ilifuta sera ya mtoto mmoja na kuruhusu wawili kuanzia 2016, ikaruhusu watatu 2021, Julai 2025 ikatangaza ruzuku ya yuan 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto chini ya miaka mitatu, na tangu tarehe 1 Januari 2026 kondomu zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 13. Ruzuku ni hatua ya maana ingawa ni ndogo ukilinganisha na gharama za mji kama Shanghai. Ila anayesherehekea kilima cha 2024 kama mwanzo wa kupona alijidanganya tangu siku ya kwanza, maana hata mwaka huo vifo vilikuwa milioni 10.93 na idadi ya watu ilipungua kwa milioni 1.39. Wanawake wa umri wa kuzaa wanapungua kila mwaka kwa sababu mama zao waliruhusiwa kuzaa mmoja, na hilo hakuna mnyama wa kalenda anayelirekebisha.

Kilima chenyewe kitatembea na nchi. Septemba 2030 wataingia darasa la kwanza watoto wa mwanzo wa Mwaka wa Joka, 2031 waliobaki, halafu nyuma yao wanafunzi wanaoingia wanapungua ghafla kwa zaidi ya milioni moja na nusu. Mkoa utakaojenga shule na kuajiri walimu kwa kipimo cha Joka utabaki na majengo matupu mwaka unaofuata, na chekechea zimeshaanza kufungwa kwa maelfu. Shule binafsi zitafurahi mwaka mmoja. Watoto wenyewe watabanana kwenye mtihani wa kuingia chuo huko 2042, wakiwa na wazazi waliowaambia tangu utotoni kwamba wao ni wa kipekee.

Mwaka wa Joka unaofuata ni 2036. Wasichana waliozaliwa Mwaka wa Joka wa 2012 watakuwa na miaka 24 wakati huo, na wengi watakuwa hawajaolewa kama mwenendo wa sasa ukiendelea. Natarajia China bara kutakuwa na kilima tena, kifupi kuliko cha 2024 kwa sababu safari hii hakuna Korona iliyorundika harusi, na Taiwan huenda kisionekane kabisa. Anayetaka kujua mapema asisubiri ngoma za joka, aangalie ndoa zitakazosajiliwa 2034 na 2035.